Pombe Yenye Harufu ya Farasi

Mimi sinywi pombe na sijawahi kunywa. Nasema hivi mapema kwa sababu Tabora wako watu wanaonitania hadi leo kwamba ujana wangu uliishia kilabuni, na kwa kiasi fulani hawakosei. Kwa misimu miwili ya asali nilikaa kilabu cha pombe karibu kila jioni, nikinusa, nikisikiliza, nikitafsiri. Kunywa walikunywa wengine.

Nyumbani kwetu ni Isevya, na baba yangu alikuwa mshona kanzu. Nilipomaliza shule, serikali ilinipeleka Usinge, kwenye kijiji cha Ujamaa kando ya msitu, niwe mkalimani wa mtaalamu wa nyuki kutoka Ubelgiji. Baba alifikiri kidogo, mkasi mkononi, kisha akasema, "Nyuki wametajwa katika Kurani. Nenda." Laiti angejua kitu kingine ambacho mtaalamu yule alikipenda kuliko nyuki, nadhani ningekuwa naendesha cherehani mpaka sasa.

Kijijini tulimwita Bwana Nyuki. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu, na uso wake ulibadilika kila siku kulingana na mahali alipoumwa. Aliwahi kuishi Kongo, na Kiswahili chake alikiokota huko. "Hii mizinga iko muzuri mingi," alikuwa akisema, na warina asali walimwelewa na kumpenda. Maneno yalipomwishia ndipo alipogeukia kwangu na kusema Kiingereza, nami nikawaambia watu. Lakini kwa vile alikisikia Kiswahili vizuri kuliko alivyokisema, sikuweza kumpunguzia makali hata kidogo. Nikijaribu kulainisha neno, alinyanyua kidole: "Hapana. Miye sikusema vile. Sema sawasawa."

Kilabu kilikuwa banda la nyasi nyuma ya stesheni ya reli, na mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mzaliwa wa Ziba aliyeolewa huku. Alipika pombe ya mtama akaitia asali. Hamira ya dukani hakuitumia. Alipika, akaacha mtungi wazi usiku kucha, na asubuhi akaufunika. "Hewa ya msitu huu inajua kazi yake," alisema. Pombe yake ilikuwa chachu kuliko za wenzake, na vijana waliinywa wakikunja nyuso, lakini waliinywa.

Jioni ya kwanza Bwana Nyuki alipoingia pale, watu walisimama kumpisha. Nikamwamkia mama, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibuni," akamchotea mgeni kata iliyojaa. Bwana Nyuki hakunywa. Aliinusa. Akaizungusha, akainusa tena, macho kayafumba. Kisha akanywa funda moja, akalizungusha kinywani kama mtu anayesukutua, akameza, na machozi yakamlengalenga.

"Imemchoma," mzee mmoja alinong'ona.

Haikumchoma. Alinigeukia, akanishika bega, akasema kwa Kiingereza mambo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Anasemaje?" mama akauliza, akijifuta mikono kwenye khanga, tayari kusifiwa.

"Anasema..." Nilimtazama Bwana Nyuki. Kidole chake kilikuwa tayari juu. "Anasema pombe yako ina harufu ya blanketi la farasi."

Watu walitazamana. Farasi si mnyama wa Usinge, mbung'o hawamruhusu. Wengi walikuwa wamemwona kwenye picha tu.

"Farasi yukoje?" mama akauliza taratibu.

"Ni kama punda. Mkubwa zaidi."

"Na hilo blanketi?"

"Wanamfunika nalo. Akitoka jasho."

Nilimwona mama akilipanga jambo lile kichwani mwake, kipande kwa kipande: punda, jasho, blanketi. Bwana Nyuki, akidhani anasaidia, akaongeza kwa Kiswahili chake, "Na mbuzi! Mbuzi dume! Na nyumba ya zamani, ile ya chini, ya giza! Iko muzuri sana, mama!"

Mama aliichukua ile kata mkononi mwa Bwana Nyuki, akaimimina chini, mbele ya miguu ya mgeni. "Mimi nimezaliwa Ziba," alisema. "Punda nawajua. Sijawahi kuwapika."

Usiku ule Bwana Nyuki hakulala. Alinieleza, akizunguka chumbani, kwamba kwao Ubelgiji kuna bonde moja ambako wazee hupika pombe chachu namna ile ile. Huiacha wazi darini ili upepo uitie hamira, na ikikaa sawasawa hupata harufu ya farasi, na mtu akiambiwa pombe yake inanuka blanketi la farasi anavua kofia na kushukuru. Kwa miaka yote aliyokaa Afrika hakuwahi kuonja kitu kilichomkumbusha bonde lile mpaka jioni ile. "Nimemwambia neno kubwa kabisa ninalolijua," alisema. "Kwa nini amekasirika?"



Kesho yake habari ilikuwa imeenea. Vijana walipita kilabuni wakilia kama punda. Mteja mmoja aliomba "blanketi moja, ila lisiwe na jasho jingi." Mama alivumilia mpaka saa sita mchana, kisha akajifunga khanga kiunoni na kwenda ofisi ya kijiji kushtaki: mgeni wa serikali amemtukana mbele ya wateja.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mwembamba aliyependa hotuba, na shauri kama lile hakuletewa kila siku. Aliitisha baraza Jumamosi. Ofisi ikajaa hadi madirishani. Alianza na Uhuru, akapitia Azimio, akafika kwenye kujitegemea, na hatimaye akafika kwenye pombe.

"Mkalimani," akaniita. "Neno farasi limetoka kinywani mwa nani?"

"Mwake kwa Kiingereza, ndugu mwenyekiti. Mwangu kwa Kiswahili."

"Basi mmenitukana wawili!" mama akasema, na baraza likamkubalia.

Mwenyekiti akauliza kama nilikuwa nimelewa siku ile. Nikasema mimi ni Mwislamu, sinywi. "Vizuri," akasema. "Basi wewe ndiye shahidi pekee tuliye naye." Kukawa na kicheko kirefu, hata mama akatabasamu kidogo kabla hajakumbuka kwamba ameudhika.

Bwana Nyuki akaomba ruhusa atoke. Alirudi na gunia bichi, na ndani yake mlikuwa na chupa mbili nene za kijani, vizibo vimefungwa kwa waya. Nduguye alimletea kutoka kwao, naye alizificha chini ya kitanda, kila siku akilowesha gunia ili zisipate joto. Nilikuwa nimemwona akilimwagilia maji nikadhani anaotesha uyoga. Aliinua chupa moja juu na kusema, "Hii ndiyo pombe ya kwetu. Muonje ninyi. Museme kweli, musinihurumie."

Alifungua waya. Joto la Usinge na mtikisiko wa njiani vilikuwa vimeifanyia chupa ile kazi yake. Kizibo kilitoka kwa mshindo, kikagonga bati la paa, na nusu ya baraza ikawa nje. Mwenyekiti tulimkuta chini ya meza. Alieleza kwamba alikuwa anatafuta kalamu.

Pombe iliyobaki ilitosha kupita kikombe kimoja cha bati mkono kwa mkono. Nikajua sasa zamu yangu imegeuka: nitatafsiri kutoka kwao kwenda kwake, pale mafumbo yao yatakapomzidi. Nikajiandaa.

Mrina asali wa kwanza aliionja, akatikisika mwili mzima. "Mwambie ni kama kulamba kisu kilichokatia ndimu," akasema. Nikamwambia. Bwana Nyuki akafurahi.

Wa pili akasema imelala na kuamka vibaya. Mzee wa stesheni akasema ina harufu ya kanisa lililofungwa muda mrefu. Kijana mmoja akasema ni kama jasho la mtu mwongo. Kila nilipotafsiri, Bwana Nyuki alijipiga paja. "Kanisa! Ndiyo! Ni sawasawa! Na huyu, kasema nini? Mwongo?" Alicheka hadi akaketi. Sikuwahi kumwona mtu akitukaniwa kitu cha kwao akafurahi namna ile, na wanakijiji nao walipoona hakasiriki wakazidi kushindana. Kikombe kilipofika kwa mwenyekiti, alionja kwa heshima ya cheo chake, kisha akasema, "Kama hii ndiyo waliyokuwa wanakunywa Wabelgiji walipowatawala jirani zetu, sasa naelewa kwa nini walikuwa wakali."

Hiyo nilisita kuitafsiri, lakini Bwana Nyuki alikuwa ameshaielewa. Aliangalia chini, akasema polepole, "Ni kweli. Walikuwa wakali."

Mama alikuwa wa mwisho. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakukunja uso. Aliinusa kwanza, kama alivyomwona Bwana Nyuki akifanya, akanywa, akanusa tena.

"Hii," akasema, "inanuka punda."

Akanusa mara ya tatu.

"Punda aliyenyeshewa. Kisha akasimama karibu na moto."

"Ndiyo!" Bwana Nyuki aliruka. "Ndiyo, mama! Punda ya kunyeshewa!"

"Na kwenu hii ndiyo nzuri?"

"Iko muzuri kupita zote."

Mama akakaa na kikombe kile. "Basi yangu haijafikia hapa," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya mshtaki tena. "Yangu ni punda mkavu."

Mwenyekiti akatoa hukumu kwamba tusi halikuwepo, ila mgeni ameleta usumbufu. Adhabu yake: atatwanga kimea cha mama kwa mapishi yanayofuata. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kupokea adhabu kwa shukrani kubwa namna ile. Alitwanga asubuhi nzima, mikono ikamchubuka, nyuki wake wakamsubiri, naye akawa anauliza maswali bila kukoma, mimi katikati yao nikiwa nimejaa pumba hadi kwenye nyusi.

Hapo ndipo walipokubaliana kupika pombe ya pamoja. Ingewekwa kwenye pipa la mti lililokwisha kutumika kwa asali, ifungwe kwa nta, ikae. Bwana Nyuki alieleza kwamba kwao husubiri miaka mitatu.

Mama aliniangalia kuhakikisha kwamba sijakosea. "Miaka mitatu? Na watu wa huko wanakunywa nini wakisubiri?"

Wakapatana mpaka msimu wa asali unaofuata. Pipa likawekwa ghala la ushirika, na mwenyekiti akajitolea kulilinda yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mali ya umma. Nilimwona akienda ghalani kila jioni kukagua. Wakati mwingine alikagua pamoja na katibu. Karibu na Idi walianza kukagua hata mchana.

Siku ya kufungua, kilabu kizima kilihamia ghalani. Bwana Nyuki aliinua pipa, na kwa wepesi lilivyoinuka wote tukaelewa. Nta ilikuwa haijaguswa. Chini, upande wa ukutani, palikuwa na kitundu kidogo kilichozibwa vizuri kwa kitambaa.

"Imekauka kwa joto," mwenyekiti akasema.

Mama aliinamisha pipa, akapata kikombe kimoja cha pombe yenye machicha, akampa Bwana Nyuki. Alinusa muda mrefu. Alipoonja, aliegemea ukuta wa ghala akatazama juu kwenye paa. Safari hii hakugeukia kwangu.

"Mama," akasema, "imenyeshewa."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Akakipokea kikombe, akamalizia yeye mwenyewe mpaka machicha.

Mkataba wa Bwana Nyuki ulikwisha mwaka ule ule, nami nikarudishwa ofisi ya Tabora. Mama aliendelea na pombe yake ya siku zote. Ile ya pipa hakuipika tena, ingawa watu walimwomba sana, na aliyemwomba zaidi alikuwa mwenyekiti.