Gunia la Maganda ya Thika

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya panya. Wengine husafiri kwa harusi au msiba. Mimi nilikuwa mlisha panya katika maabara, na chakula chao maalumu kilibaki cha siku tatu.

Wacha nieleze. Panya wote walikula posho iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe mpaka wakanenepa. Damu yao ikitulia kwenye kichupa, maji ya juu yalikuwa meupe kama maziwa. Nusu yao tuliwaongezea maganda makavu ya machungwa. Daktari wetu, Mzungu mmoja mpole, alidhani ile rangi ya manjano ya ganda huzuia mafuta kujaa kwenye damu. Hakuwa na hakika, ndiyo maana tulifuga panya. Maganda yalitoka shamba moja tu la Thika, na ilikuwa marufuku kuyachanganya na mengine. Jaribio likimalizika salama, ningeacha kusugua vizimba nianze kusoma vichupa. Nilikuwa nimesugua miaka minne.

Alhamisi asubuhi nilipanda gari la moshi. Askari walikagua kipande changu cha utambulisho mara mbili kabla hatujafika Ruiru, nasi tukaendelea.

Thika, saa nne. Nyapara wa shamba, Mkamba aitwaye Mutua, alinitilia guniani maganda yaliyoanikwa kivulini.

"Huko Nairobi chakula imeisha, mnakula maganda?"

"Ni ya panya."

"Ati panya! Sisi tunaua, nyinyi mnapikia!"

Msimu haukuwa mzuri, kwa hiyo gunia lilifika nusu na maganda yakaisha shambani. Kwa panya wangu ilitosha kabisa.

Alasiri nilishuka Ruiru nilale kwa binamu yangu Andayi, karani katika kiwanda cha kahawa. Tangu apate ukarani ameota tumbo, na majirani humsifu mkewe, Rasoa, kwamba anajua kutunza mume. Lakini tulipopanda njia kutoka mtoni Andayi alisimama mara mbili, mkono kifuani, akijifanya anatazama mibuni.

Tulipokuwa tukila ugali na nyama ya kukaanga niliwasimulia habari za panya. Andayi alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo mimi ni panya?"

Rasoa hakucheka. "Shemeji, hayo maganda yanaondoa mafuta kwa damu?"

"Bado hatujui."

"Lakini mnafikiri hivyo."

"Daktari ndiye anafikiri."

Ijumaa asubuhi Rasoa alinikabidhi gunia, mdomo umeshonwa vizuri. Nikamshukuru, nikakimbilia stesheni. Kwetu Maragoli chombo cha mgeni hakiondoki kitupu, wala kikiwa nusu. Ni aibu kwa mwenye nyumba. Nimelelewa hivyo tangu utotoni, na bado sikukumbuka.

Gari lilipoanza kwenda nikasikia harufu ya ndimu. Nikafumua uzi. Ala! Rasoa alikuwa ameongeza maganda ya ndimu na machenza aliyoyakausha ya kuwashia moto, kisha akatwanga yote pamoja kwenye kinu ili kunipunguzia kazi. Gunia lilikuwa limejaa unga mmoja wa manjano.

Nilikasirika mpaka stesheni ya Kahawa. Baada ya Kahawa nikaanza kufikiri vibaya. Nani angejua? Panya hawasemi. Unga ni unga, na vichupa vilikuwa vinaningoja.

Nairobi, saa tano. Nilisimama mbele ya daktari nikamwambia yote. Alionja unga kwa ncha ya ulimi, akaguna, akaumwaga. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba tutaanza upya msimu ujao, na panya wengine. Brashi yangu ilikuwa palepale nilipoiacha. Niliumia, sifichi.

Jumapili nilirudi Ruiru na mkate na sukari kwenye kikapu. Njia nzima nilipanga maneno makali ya kumwambia Rasoa. Alinipokea mlangoni, hata sijaketi.

"Ilitosha? Nilijaza ili ibaki kidogo ya Andayi."

Maneno makali niliyoyapanga nikayaacha. Kumbe mimi nilikuwa nikihesabu kazi yangu, na yeye alikuwa akitafuta dawa.

"Shemeji, unga umemwagwa. Tukichanganya hatuwezi kujua ni ganda lipi limefanya kazi. Hata kwa panya."

Alinipokea kikapu. "Na mtajua lini?"

"Sijui. Msimu ujao, pengine."

Safari hiyo ilinifunza kwamba kutojua ni rahisi kwa aliye maabara. Nyumbani kuna mtu anayengoja.

Nilipoaga, Andayi alikuwa akipanda kutoka mtoni. Tulimwona akisimama, mkono kifuani, akitazama mibuni. Rasoa alimtazama mpaka alipoanza tena kutembea. Kisha akaniletea kikapu changu. Kilikuwa kitupu.

"Sijaweka kitu," akasema. "Lakini fanyeni haraka."