Mnyororo Niliouvaa kwa Kucheka

Kosa ni langu. Natangulia kusema hivyo ili usije ukanionea huruma katikati ya habari hii, maana mimi mwenyewe sijionei. Nikijitazama kwenye kioo asubuhi nageuza uso, na miaka imepita mingi.

Wakati wa vita nilikuwa nauza vitenge Butembo, mashariki mwa Congo, pale mtaa wa Kimemi. Wazazi wangu walikuwa wanalima kijijini Kipese, na dada yangu mdogo, Kahindo, alikaa nao. Kaka yetu mkubwa, Paluku, wanajeshi walimkamata kwenye barabara ya Beni wakamtwika masanduku ya risasi. Hakurudi. Hatukupata hata shati lake la kuzika. Jambo hilo nalitaja mapema kwa sababu nililijua, na bado nikafanya nilichofanya.

Nilimuaga baba, Tata kama tunavyomwita, nikasema naenda Kampala kununua vitenge, juma moja tu. Nyuma yangu barabara ya Kasindi, mpakani na Uganda, ikafungwa kwa mapigano. Badala ya kutulia Kampala na kutafuta njia ya kupeleka habari nyumbani, nilimfuata rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara, aliyekuwa anateremka Mombasa.

“Vita haitaisha sababu we uko unaiangalia,” aliniambia. “Twende tuone bahari.”

Nikaona ana akili.

Mombasa tulitembea ndani ya ngome ya zamani, tukapanda juu ya mizinga kama watoto. Kisha tukavuka kwa meli hadi Zanzibar. Nilinunua miwani ya jua na kofia ya ukindu. Nilizunguka Mji Mkongwe nikipapasa ile milango yenye misumari ya shaba, nikijiona mtu aliyefika. Nyumbani watu wanakimbilia porini na masufuria kichwani, mimi nalalamika kwamba pweza amezidi chumvi!

Siku ya tatu, mzee mmoja anayetembeza wageni alitushusha katika chumba cha chini walimofungiwa watumwa. Dari lilikuwa chini, ilibidi kuinama. Alieleza jinsi walivyobanwa humo, wengine wakafa kabla ya kuuzwa.

“Wengi walitoka bara,” alisema. “Wengine ng'ambo ya maziwa makuu. Nyie wenzetu mmetokea wapi?”

“Congo,” nikajibu.

Mzee akanikaribia. Akaniangalia kwa upole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Pole sana, mwanangu.” Alinipa pole kama mfiwa. Na mimi nikamwambia humu ndani mnanuka, twende tukale.

Nje, kwenye uchochoro, palikuwa na mtu mwenye kamera ya picha za papo kwa papo. Alikuwa na mnyororo wa kale, umejaa kutu, anakuvalisha shingoni na kukupiga picha kwenye ukuta wa mawe. Yule mzee akanivuta pembeni. “Usiuvae huo,” akasema. “Si kitu cha kuchezea.” Nikamwambia ni picha tu.

Rafiki yangu alikuwa anakufa kwa kicheko. “Fanya sura ya kulia,” akaniambia. Nikavua miwani na kofia, nikalegeza bega, nikakunja uso. Nilijitahidi. Nilikuwa na kaka wa kuigiza, tena niliijua sura yake siku ile alipotuaga, anaiogopa barabara ya Beni. Ndiyo, niliitumia sura ya Paluku. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Tuliporudi Mombasa nikaandika nyuma ya picha: “Kahindo, bamenikamata. Ambia Tata alete mbuzi.” Kila mtu kwetu alijua maana ya mbuzi. Ndugu yako akishikwa na wanajeshi, unavuta mbuzi mpaka kambini, unaomba. Mimi na Kahindo tulizoea kutaniana, nikadhani atacheka.

Sasa sikiliza tunavyotuma barua kwetu. Bahasha huandikwa jina la mzee wa nyumba, hata kama ni ya mtoto wake. Na haitembei peke yake. Anayeibeba anakaa kitini, anapewa chakula, anasema salamu za mdomo, ndipo bahasha inafunguliwa. Maneno yenyewe yako kwa mletaji, karatasi ni kumbukumbu tu. Basi nikampa bahasha mama mmoja wa Butembo aliyekuwa anarudi na mzigo wake. Nikamwambia awaeleze kwamba ni mchezo, niko baharini, mzima kabisa.

Yule mama akakwama Kasindi. Akampa bahasha dereva aliyejaribu kupita. Dereva akampa mtu wa baiskeli. Mtu wa baiskeli akaiacha kanisani, Kipese. Salamu zangu zote zilibaki Kasindi kinywani mwa yule mama. Baba akafungua bahasha iliyokuja bubu, akaona mwanawe wa pili shingoni ana mnyororo.

Kahindo ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Alimwambia baba, “Tata, pengine iko muchezo. Unamujua huyu.”

Baba akageuza picha mara mbili. “Mutu gani anaweza kucheza na kintu kama hii?” akauliza. “Kisha ya Paluku kukamatwa?”

Asubuhi akafungua mbuzi jike, yule mwenye mimba, kwa sababu ndiye alikuwa mnono. Akaweka picha katika mfuko wa koti. Mama akamlilia asiende. Akaenda kwa miguu mpaka Beni, kwenye kambi ya wanajeshi.

Kambini alionyesha picha. Walichukua mbuzi. Wakamwambia mtoto wako yuko mbele, tusaidie kubeba hivi, tukifika tutamwachia. Mzee wa mvi, wakamtwika masanduku yale yale ya risasi. Siku sita. Alipoanguka wakamwacha kando ya njia, na watu wa Mungu wakamrudisha kwa machela.

Mimi nilifika siku nne baadaye, barabara ilipofunguliwa. Nilishuka na miwani yangu, na mfuko wa makombe ya bahari. Nikakuta nyumba imejaa watu na katekista anaongoza rozari. Baba alikuwa amelala kwa tumbo, mabega yamechunika, mgongo hausikii tena. Aliponiona alinyoosha mkono, akanipapasa shingo. Polepole, pande zote, anatafuta kovu.

“Haina hata alama,” akasema. Machozi yakamtoka. “Bile bintu bilikuwa bizito, mutoto wangu. Lakini nilimuambia Mungu: wa kwanza mulishachukua, wa pili hapana. Basi bamekuachilia.”

Watu wote wakanitazama, wanangoja neno langu. Kahindo alikuwa mlangoni, anaangalia ile miwani.

Nikasema, “Ndiyo, Tata. Bameniachilia.”

Hapo ndipo penye uchafu wenyewe. Picha ilikuwa upumbavu, lakini neno lile nilisema nikiwa na akili timamu. Niliona aibu ya kusema ukweli mbele ya watu, nikauza jasho la baba ili nisionekane mpumbavu. Nikajiambia nitamweleza akipata nafuu. Hakupata. Alikaa miezi mitano, na kila mgeni alimsimulia jinsi alivyonikomboa. Wakati mwingine alinitaka niinamishe kichwa waone shingo. Nilikuwa nainamisha.

Kwenye mazishi padri alimsifu baba aliyebeba mzigo kwa ajili ya mwanawe. Watu walilia sana. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya kanisa, wakasema ni uchungu.

Wewe unayesoma, ukipata nafasi ya kwenda pwani na visiwani, nenda. Tazama zile ngome, shuka katika vile vyumba, sikiliza wanaoeleza. Ila ukifika mahali ambapo watu waliumizwa, usiwaigize ili wenzako wacheke. Hujui kwenu nani anaumizwa hivyo hivyo saa ile ile. Na ukishakosa, sema siku ile ile, hata mbele ya watu.

Kahindo hali chakula nilicholeta mimi mpaka leo, na sababu hajamwambia mtu. Mama bado yupo. Aliitia ile picha katika fremu, ameitundika sebuleni karibu na rozari ya baba. Kila Jumapili akitoka misa anaipangusa vumbi, anaishukuru, kisha ananiita nije nisali naye. Nami naenda napiga magoti.