Nilivyompima Presha Mzee Magesa Akiwa Ndani ya Suti

Kosa langu la mwanzoni kabisa, kabla hata sijaizoea kazi, lilikuwa kupima watu presha bila kuwavua nguo, na najua ukisikia hivyo utaona ni kosa dogo, hata mimi niliona hivyo, ndiyo maana mpaka leo naona haya kulisimulia.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulea wazee huku Mkolani. Sikusomea unesi. Niliajiriwa kusaidia kuogesha na kulisha, presha nikajifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu, nikatafuta mashine yangu ile ya kubonyeza kitufe, nikawa nampima kila mtu hadi mpishi, na namba zikipishana kidogo silali. (Mama Bahati, msimamizi wetu, alisema iko siku nitampima mbuzi wa jirani. Nilicheka, ila niliumia.) Shida ni kwamba zile video nilikuwa naruka mwanzo. Mwanzoni ndiyo wanaeleza namna ya kumkalisha mtu na kumtuliza, na mimi nilikuwa nataka namba.

Jumamosi hiyo Mzee Magesa alikuwa anakwenda kumwozesha mjukuu wake Neema, kanisani Butimba. Baba yake Neema alishafariki, kwa hiyo babu ndiye angemshika mkono binti kutoka mlangoni mpaka mbele ya padri. Alikuwa ameyafanyia mazoezi matembezi hayo kwenye korido yetu, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili anamkamata yeyote anayepita, anatembea naye taratibu huku ameinua kidevu. Ni mtu wa Mara, hacheki ovyo, lakini wiki ile ungemkuta anatabasamu peke yake.

Asubuhi Baraka, kaka yake Neema, akaja kumchukua na gari lililopambwa maua. Tukamvalisha mzee suti, na kumvalisha suti mtu ambaye mabega yamekakamaa ni kazi, tulitoka jasho wote watatu. Ndipo Mama Bahati akakumbusha kwamba anayetoka nje ya kituo lazima apimwe kwanza.

Hapo nilitakiwa nimwambie mzee avue koti. Nikaona aibu. Baada ya mateso yote yale, kijana kama mimi nimwambie babu wa watu avue tena? Nikapandisha koti na shati kwa pamoja mpaka juu ya kiwiko, vikajikunja pale vikambana kama kamba, nikafunga mkanda wa mashine juu yake. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, bado anahema kwa ile shughuli ya suti, na anaongea.

"Wewe mwanangu, umeoa?"

"Bado, mzee."

"Unangoja nini? Hawa wasichana wa Igoma wote hujawaona?"

"Nawaona, mzee. Wao ndio hawanioni."

Nilishasikia mahali kwamba anayepimwa asiongee, lakini mzee akikuuliza jambo utamwambia anyamaze? Kwa malezi ya wapi?

Mashine ikaleta mia na themanini na kitu. Nikabonyeza tena hapo hapo, ikapanda. Nikabonyeza tena. Mzee akaacha kuongea, akawa ananitazama usoni, na nadhani uso wangu ulimpandisha presha kuliko kitu kingine chochote.

"Kuna nini?"

"Tulia tu, mzee. Usisimame."

"Ngoja nikojoe kwanza. Nimejizuia tangu asubuhi, sikutaka kuwasumbua na hizi zipu."

"Usisimame, mzee, utaanguka."

(Maneno haya huwa yananirudia nikiwa napiga mswaki. Mtu alinipa jibu mkononi, nikalikataa.)

Mama Bahati akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nimerudia mara kadhaa na kila nikirudia inapanda, huyu anaelekea kwenye kiharusi, haendi harusini, anakwenda hospitali. Nilisema kwa sauti kubwa, ile sauti ya mtu anayejua. Baraka akambeba babu yake akamweka kwenye gari la maua.

Njiani mzee akasema, "Simamisheni kidogo." Mimi nimekaa naye nyuma, nimemshika bega, nikamwambia Baraka asisimame, tusipoteze muda. Akaomba tena, kwa sauti ya chini. Halafu hakuomba tena. Baraka alitazama kwenye kioo, akaona suruali, akaona kitambaa cheupe walichotandika kwenye kiti, akazima muziki.

Nesi aliyetupokea alimwamkia babu, akampeleka chooni, akamtafutia gauni la wagonjwa. Akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini, mkono mtupu juu ya meza. Kisha akamwambia, "Babu, sasa tukae kimya kidogo, mazungumzo tutayafanya baadaye." Na mzee akanyamaza. Hakukasirika hata kidogo. Kumbe kuambiwa tu kungetosha. Walikaa vile kwa muda, wala nesi hakuigusa mashine. Alipopima, presha ilikuwa nzuri tu kwa mtu wa umri wake anayemeza dawa. Akarudia baadaye kidogo, ikawa ile ile.

"Nani alimpima kule?"

"Mimi."

"Hebu nioneshe ulivyofanya."

Nikaanza kuonesha kwenye mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu wa kwenye benchi, napandisha shati huku naeleza, hadi zile video za kwenye simu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuyasikia makosa yangu.

"Kumleta si kosa," nesi akasema. "Namba kama ile huwezi kuikalia. Lakini unamnyima mtu choo, halafu unashangaa presha imepanda?"

"Kumbe tuna daktari wa bando," Baraka akasema. Benchi zima likacheka. Mzee hakucheka.

Simu ya Baraka ikaita. Alisikiliza, akaishusha taratibu. "Babu, wameshaingia. Padri ana ndoa nyingine baada ya hii. Baba mdogo ndiye amemshika."

Mzee akautazama mfuko wenye suti yake.

"Basi nirudisheni Mkolani."

"Twende hata ukumbini, babu. Neema anakuulizia."

"Niende na gauni la hospitali?"

Tukamrudisha. Jioni nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe," akageukia ukutani.

Siku hizi salamu zote tunazimaliza kwanza. Namuuliza kila mzee kama anataka kwenda haja, waziwazi, awe babu au bibi. Mkono unatoka kwenye nguo, hata kama ni sweta ya vifungo vingi. Mgongo unaegemea, miguu inakanyaga chini, mkono unalala mezani, tunatulia wote wawili, na ikija namba ya kutisha nangoja kabla ya kurudia, sikunji uso, kisha namwita nesi, sitangazi ugonjwa mwenyewe. Video nazitazama tangu mwanzo.

Mzee Magesa bado nampima mimi. Ananyoosha mkono, ananyamaza kabla sijamwomba, na tukimaliza anaendelea kunyamaza.