Shati Alilovalishwa Wifi Yangu

Wifi yangu hataki habari zake ziandikwe. Anasema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga majivu. Na uwe hivyo. Kuku naye hufika anakokwenda.

Kaka yangu alimwoa akiwa msichana mwembamba mwenye ulimi mkali. Kaka alipokufa, wembamba ulishakwenda zamani, ulimi ndio uliobaki. Tulifanya kazi pamoja chumba cha dobi cha chuo kikuu, mimi kwenye mapipa ya kuchemshia, yeye mezani na pasi. Shuka aliyoinyoosha wifi, nzi akitua anateleza. Hilo hata adui yake atakwambia, na adui anao, maana hajui kunyamaza.

Chuo kile kilikuwa cha wazungu. Sisi weusi tuliingia mlango wa nyuma, kupika, kufua na kufagia. Baadaye wakaanza kupokea wanafunzi weusi, wachache, wakawajengea bweni kando ya jalala. Shuka za bweni hilo tuliambiwa tuzishone uzi mwekundu kwenye pindo, zisije zikachanganyika na za bweni la mbele, la wazungu. Zilifuliwa mwisho, katika maji yaliyobaki. Hatukuuliza. Wanasema ukifika kwa wenye chongo fumba jicho lako. Sisi tulifumba yote mawili.

Binti wa wifi alifariki akamwachia mtoto wa kike, ndiye mjukuu wetu sisi wote wawili. Mtoto akasoma, akafaulu, akapata ufadhili wa chuo kilekile. Wifi alitembea mtaani kana kwamba yeye ndiye atakayefanya mitihani.

Jumapili moja mtoto alikuja nyumbani kula. Wifi akawa anatuchekesha, jinsi shuka moja ya uzi mwekundu ilivyopotelea bweni la mbele, msimamizi wetu akahangaika kuitafuta kama aliyepoteza mtoto sokoni. Mimi nilicheka mpaka machozi. Mtoto akaacha kula.

"Bibi, ina maana nalalia maji waliyofulia wenzangu?"

"Maji ni maji," wifi akasema. "Wewe soma."

Hakusoma tu. Wiki hiyo wanafunzi wa bweni la nyuma walibeba shuka zao wakazirundika kwenye ngazi za utawala, wakakaa juu yake. Walitaka uzi uondolewe na mabweni yachanganywe. Wazungu wachache walikaa nao. Utawala ukaleta gari la maji, na maji yenyewe yametiwa rangi ya zambarau, ili hata atakayekimbia ajulikane baadaye. Kijana mmoja alirushwa na yale maji akaanguka kwa mgongo kwenye ngazi. Hajatembea mpaka leo.

Tangazo likatoka. Atakayeonekana na rangi anafukuzwa. Na kila mwenye ufadhili, aliyepewa mashati mawili meupe ya chuo, Jumatatu ayaonyeshe yote mawili.

Ijumaa asubuhi mtoto aliingia kwa dobi, shati amelifunga tumboni chini ya gauni. Mikono ameisugua hadi imechubuka.

"Lichome moto," nikamwambia.

"Nikilichoma, Jumatatu nionyeshe nini?"

Wifi akanyoosha mkono. "Lete. Doa halijanishinda tangu nizaliwe. Nenda darasani, na uso huo uuache hapahapa."

Akalitia kwenye sufuria ndogo na magadi, akachochea. Rangi ilitoka, ikatoka, wala haikuisha. Kwa ubishi wake akazidisha moto. Nikamwambia, "Wifi, hiyo si mchuzi wala damu." Akaniambia nishike pipa langu.

Tukasikia viatu nje. Walinzi walikuwa wanapekua chumba kwa chumba. Wifi akalichota shati kwa mti, akaangaza huku na huku, akalizamisha kwenye pipa lililokuwa karibu, akafunika. Pipa langu. Ndani yake zimo shuka za bweni la mbele, zinachemka.

Mkuu wa walinzi alizunguka meza, akafungua makabati, akawa anataka kutoka. Kisha akaona povu linalomwagika chini ya mfuniko. Lilikuwa zambarau.

Akafunua. Shuka zote za wakubwa zilikuwa rangi moja. Akalitoa shati kwa uleule mti, likining'inia.

"La nani hili?"

"Langu," wifi akasema.

"Wewe mwanafunzi?"

"Nilikwenda kuwaunga mkono. Au kuna umri wa kulowa?"

Mlinzi mmoja alicheka, mkubwa wake hakucheka. Akamwita mlezi wa mabweni, mama wa kizungu mwenye miwani, na msimamizi wetu. Chumba kikajaa.

"Kama ni lako, livae."

Wifi alivua gwanda la kazi na gauni mbele yao, wanaume wale wa kuwazaa mwenyewe, akabaki na shimizi. Shati lilikuwa bado la moto, linamchuruzika rangi kifuani. Mkono mmoja uliingia hadi kwenye kiwiko ukakwama. Vifungo havikukaribiana hata kidogo.

"Halikutoshi," mlezi akasema.

"Nguo ikichemshwa hurudi, mama. Mimi dobi, niulize mimi."

Msimamizi akatazama sakafu. Mlezi akasema hajali shati ni la nani, shuka zimeharibiwa na aliyeziharibu yupo. Wakamtoa hivyohivyo, bila gauni, mpaka nilipomkimbilia nalo nje na kumtupia mabegani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mtoto asiseme neno. Akisema, mimi na yeye tusijuane."

Shati jeupe jingine nililipata. Sitasema wapi, wala sijutii. Nikampa mtoto na maagizo ya bibi yake. Alilia, akalipokea.

Jumatatu waliwapanga uani, nami naona kutoka dirisha la dobi. Zamu yake ilipofika akanyoosha shati moja.

"La pili?"

"La pili mnalo nyinyi. Mlimvalisha bibi yangu."

Lile nililompa nilikuja kulikuta nyumbani, juu ya kitanda changu, limekunjwa vizuri. Siku ileile alifukuzwa, nami nikafukuzwa kwa kuwa pipa lilikuwa langu.

Wifi hawakumwachia, ingawa mtoto alikiri. Alikaa gerezani mpaka kiangazi kikaisha, akatoka na kikohozi kisichosikia dawa. Uzi mwekundu waliuondoa kweli. Waliobaki kazini wanasema sasa shuka za bweni la nyuma zina mhuri.

Alipofika mlangoni, mtoto alikuwa amekaa kizingitini.

"Nilivuliwa nguo mbele ya wanaume ili wewe usome," wifi akasema.

"Ndiyo maana siwezi kusoma pale, bibi."

Wifi akampita. Tangu hapo hajamsemesha, nao wanalala chumba kimoja, wanafua nguo za watu kwenye beseni moja. Chochote anachotaka hupitishia kwangu. "Wifi, mwambie mjukuu wako maji yamechemka." "Wifi, muulize mjukuu wako kama amekula." Na yule naye, damu ni ileile, hujibu kupitia kwangu huku wote tumo chumbani.

Jana kikohozi kilimshika mpaka akainama. Mtoto akasimama na kikombe cha maji, hasogei. Wifi akanitazama mimi.

"Wifi, mwambie mjukuu wako..."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mdomo unao."

Akafumba mdomo. Kikombe kikabaki mkononi mwa mtoto, na kikohozi kikaendelea.