Kiti cha Kijani cha Mama Ilunga

Kila ninapopita sokoni penye wanawake wanaouza mizizi ya munkoyo, hupunguza mwendo, hata ninapokuwa na haraka, hata ninapokuwa sina haja ya kununua. Mizizi hiyo hufungwa vitita vidogo kwa kamba za magome, ikiwa imekwisha kupondwa na kuwa nyuzinyuzi, na harufu yake ni ya udongo uliolowa, ya gome bichi, na ya utamu fulani ulio mbali ambao pua haiufikii barabara. Kwa msomaji asiyeijua Lubumbashi nitaeleza: munkoyo ni kinywaji cha mahindi. Hupikwa uji mzito, ukaachwa upoe kiasi, kisha mizizi hiyo ikatiwa ndani. Na uji uliokuwa ukisimamisha mwiko hulegea wenyewe, ukawa mwepesi kama maziwa, na mtamu bila chembe ya sukari.

Mimi ni mtu mkali. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na wanangu wanalijua zaidi. Lakini harufu ya mizizi hiyo huniondolea ukali wote kwa muda wa kama dakika tano, nami nataka kuzitumia dakika hizo kuwasimulia, ninyi mnaonisoma kwa subira, jinsi nilivyoacha kuwa mgeni katika nchi hii.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa baba alipotuhamisha kutoka Sumbawanga, Tanzania, kuja Lubumbashi, Kongo. Alikuwa fundi wa malori, na mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini, alimwita aje ayaangalie malori yake yaliyochoka. Tulifika mwezi wa sita. Nilikuwa nimejiandaa kwa msitu, joto na nyani. Nikapokewa na baridi ya asubuhi iliyoumiza meno, vumbi jekundu lililoingia hata ndani ya mkate, na bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba lililosimama nyuma ya nyumba za watu kana kwamba ni mmoja wa majirani. Nilivichukia vyote, na kwa bidii, kama nifanyavyo kila jambo. Nilikichukia zaidi Kiswahili chao, ambacho nilikiona kuwa ni changu kilichoharibiwa njiani. Mtu akiniambia "Kuya hapa," nilimjibu kwamba husemwa "Njoo hapa." Naona haya kuliandika hili, lakini aibu iliyofichwa haimfunzi mtu.

Tulipanga vyumba viwili katika lupango, ndivyo waitavyo uwanja wenye nyumba kadhaa ndani ya ukuta mmoja. Nyumba kubwa ya lupango hilo ilikuwa ya Mama Ilunga, mjane mnene mwenye sauti iliyofika barabarani kabla yake. Alikuwa na watoto wawili: Ilunga, aliyenizidi mwaka mmoja, na Ngoie, binti wa rika langu. Siku ya kwanza nilipovuka uwanja kwenda kuwasalimu, Mama Ilunga alifuta kwa kanga yake kiti cha mbao cha rangi ya kijani, chenye mahali pa kuegemeza mikono, akaniketisha.

"Mugeni ikala mu kiti," alisema. "Karibu sana, mama."

Kumwita mtoto wa kike "mama" ni upole wa huku. Nilikaa. Miguu yangu haikufika chini. Nilipewa paja la kuku katika sahani yangu mwenyewe, huku Ilunga na Ngoie, waliokaa mkekani, wakigawana shingo na miguu kutoka bakuli moja. Nilikula paja lile nikiamini kwamba haki imetendeka duniani.

Hali hiyo iliendelea kwa mwaka mzima. Kila nilipoingia, kiti kilifutwa. Ilunga alipochelewa kuchota maji alifokewa, Ngoie alipounguza maharage alivutwa sikio, mimi hata nilipoangusha kikombe kikavunjika niliambiwa, "Si kitu, mama, kikombe kilikuwa cha zamani." Mwanzoni niliitumia heshima hiyo bila haya. Baadaye nikaanza kuona kwamba kila mara vicheko vilikuwa kule chini, mkekani. Pale bakulini mikono ilipigana vikumbo kugombea kipande cha mwisho cha samaki. Hakuna mtu aliyegombea chochote nami.

"We, unasemaka sawa redio!" Ilunga alinitania siku moja, akinifananisha na redio, niliposema "ninaomba chumvi tafadhali."

Nilitaka kumjibu vikali, lakini mama yake alimwahi: "Nyamaza! Iko mugeni." Utani ukafa papo hapo. Nilisikitika kuliko kama angeendelea.

Kwa sababu wakati huo, bila kumwambia mtu, nilikuwa nimekwisha kuupenda mji. Sijui ulianza lini upendo huo. Labda ni mwezi wa tisa, mijakaranda ilipochanua na barabara nzima ya kwenda shule ikawa ya zambarau, nasi tukakanyaga maua yakapasuka chini ya viatu. Labda ni matone makubwa ya mvua ya kwanza, na harufu ya vumbi jekundu linapokata kiu yake. Labda ni wali wa Jumapili tu. Niliipenda lengalenga, mchicha wa huku, iliyopikwa na karanga, bukari, yaani ugali, la moto lililounguza ncha za vidole, viazi vitamu tulivyovifukia ndani ya majivu ya makaa. Hata lile bomba la moshi nililizoea. Niliporudi shuleni nilitazama kwanza kama bado lipo. Nilikuwa nimeipenda nchi, na nchi ilikuwa ikinifutia kiti.

Kila likizo kubwa Mama Ilunga alisafiri na wanawe kwenda Lukafu, kijijini kwa mama yake, wakipanda lori la bidhaa. Ngoie alinisimulia safari hizo kwa mwaka mzima: mto, milima ya Kundelungu inayobadilika rangi, bibi asiye na meno ya mbele anayemshinda kila mtu kwa maneno. Likizo ilipokaribia, nilimwomba Mama Ilunga anichukue. Alicheka kwa upole uliouma.

"Mu lori tunaikalaka juu ya magunia, mama. Mugeni tutamutia wapi?"

Safari ilipangwa Jumatatu. Jumamosi mchana, Mama Ilunga alipika sufuria kubwa ya uji wa munkoyo, kwa kuwa wanawake wenzake wa kwaya walikuwa wakija kesho yake baada ya ibada. Aliikalisha sufuria juu ya mafiga, akaenda dukani, akawaachia Ilunga na Ngoie amri moja: chochea makaa, ngoja mpaka nirudi, mizizi natia mwenyewe. Niliomba nisaidie. Nikaonyeshwa kiti.

Haukupita muda, ngoma za timu ya mtaa iliyoshinda mechi zikapita barabarani, na walinzi wangu wawili wa uji wakatoweka kama moshi. Nikabaki na sufuria inayotokota, na kitita cha mizizi juu ya ungo.

Nilikuwa nimemtazama Mama Ilunga akitengeneza munkoyo mara nyingi. Nilijua kwamba mizizi hutiwa na kwamba hukorogwa. Nilichokuwa sijakiona kutoka kule kitini ni jambo dogo ambalo kila mtoto wa Katanga hulijua kabla hajajua kusoma: uji lazima upoe kwanza, mpaka kiwiko cha mkono kivumilie. Mizizi ikichemka hufa, na uji haulegei tena. Mimi nilishuka kitini, nikatia kitita kizima katika uji uliokuwa ukitoa mapovu, nikakoroga kwa mikono miwili, nikiwaza jinsi watakavyoshangaa. Nikakoroga mpaka jasho likanitoka. Uji ulizidi kuwa mzito.

Mama Ilunga alirudi akaangalia ndani ya sufuria. Akainua mwiko. Uji wote nusura uinuke nao.

"Eeh! Nani alitia mizizi mu moto?"

Ilunga na Ngoie walikuwa wameingia mbio nyuma yake, wakihema. Walinitazama mimi, nimerudi kitini, nina uji mpaka kwenye nyusi. Kisha wakatazama chini. Nilielewa kwamba hawatanitaja. Mgeni hatiwi aibu. Hivyo ndivyo walivyolelewa.

"Njo miye, mama," alisema Ilunga, akijitwika kosa langu.

Mama yake alimshika sikio. Alikuwa na mkono wenye uzoefu. Ngoie akaanza kulia kabla ya zamu yake.

Wapenzi wasomaji, nimewahi kusimama mbele ya wakuu na kusema nisiyopenda kusema, lakini sijawahi kuhitaji ujasiri kama ule wa kushuka kwenye kiti kile. Nilikuwa salama. Hakuna ambaye angeniuliza chochote maisha yangu yote.

"Ni mimi, mama," nilisema.

Mama Ilunga alinitazama, uso ukalainika mara moja. "Hapana, mama. Mugeni hakosake. Rudia mu kiti."

Nilikiri, na kukiri kwangu kukakataliwa! Hasira ikanipanda mpaka macho yakajaa machozi. Nilikwenda nikapiga magoti mavumbini kati ya Ilunga na Ngoie, nikapaza sauti: "Njo miye! Njo miye, mama, hawa hawakufanya kitu!"

Mama Ilunga alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima uji kwa kiwiko. Kisha akamwachilia mwanawe, akainama, akanishika sikio langu la kushoto, akalivuta.

"Kichwa nguvu weye! Nani alikutuma? Juu ya nini hukungoya? Bintu ya bantu unachezea? Na ninyi wawili, ngoma njo ilikuwa mama yenu?"

Alitufokea sote watatu kwa pumzi moja, mimi kwa ukaidi na kuchezea vitu vya watu, wao kwa kufuata ngoma, bila kubagua. Niliumia sikio, nikalia, na katikati ya kulia nikasikia furaha ya ajabu ikinipanda kutoka miguuni. Ilunga alinigusa kwa kiwiko. "Redio inalia," alininong'oneza, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Hukumu ilifuata. Tulisugua sufuria ile kwa mchanga mpaka ikang'aa. Tena, mimi peke yangu, nilipewa adhabu ya ziada.

"Mizizi ile ilitoka ku Lukafu, kwa mama yangu," alisema Mama Ilunga, kidole hewani. "Utaenda kuichimba weye mwenyewe. Na utamuomba mama pardon na kinywa yako."

Jioni hiyo alivuka uwanja kumweleza mama yangu kosa langu na adhabu yake. Mama, aliyekuwa ameomba kwa mwaka mzima mtu wa kumsaidia kunirudi, alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Jumapili wanawake wa kwaya walikuja, wakanywa munkoyo mpya mtamu, wakasifu, mimi ndiye niliyewapelekea vikombe, kwa mara ya kwanza nikitumwa huku na huku, "We Neema, kuya! We Neema, leta!" Nilikimbia kama aliyepewa zawadi.

Jumatatu tulipanda lori. Nilikaa juu ya gunia la chumvi, Ngoie amelala mapajani mwangu, Ilunga akiimba pamoja na kwaya ya kaseti iliyokuwa ikipigwa kwa dereva. Vichuguu virefu kuliko nyumba vilitupita. Vumbi lilitupaka sote rangi moja, hata mwanamke mmoja aliyepandia njiani akamwambia Mama Ilunga kwamba watoto wake watatu wanafanana.

"Huyu wa mwisho njo mubaya," alijibu.

Bibi wa Lukafu alikuwa mdogo kama mtoto. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama Ngoie alivyonifunza, nikaomba msamaha. Akauliza huyu ni nani.

"Njo mutoto yangu ya kichwa nguvu," alisema Mama Ilunga. "Alipika mizizi yako sawa matembela."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kwa wiki tatu aliniita Mpishi. Alinipeleka porini, akanipa jembe lililoshinda nguvu zangu, akawa ananitania kila nilipopumzika: "Mpishi, mikono ile ni ya kuandika barua tu?" Nilichimba. Nilipata malengelenge, nilipata mizizi kidogo, na kule juu milima ilibadilika rangi kama Ngoie alivyoniahidi, kutoka majivu hadi waridi hadi buluu. Tulikula samaki wa mtoni kutoka bakuli moja, na nilipogombea kipande cha mwisho Ilunga alinipiga kikumbo nusura nianguke. Nilimrudishia.

Siku tuliporejea, nililiona bomba la moshi kwa mbali kabla ya mtu mwingine yeyote, nikapiga kelele. Lupangoni, kuku alikuwa amelalia mayai juu ya kile kiti cha kijani. Hakuna aliyemwondoa.

Miaka mingi baadaye, nilipoolewa hapa hapa Lubumbashi, nilikwenda sokoni kununua mizizi ya munkoyo wangu wa kwanza. Soko ni lile lile, umbali wa mtu kuitwa akaitika kutoka kwenye lile lupango. Vitita vilikuwa vimejaa meza nzima, vya bei ndogo, na muuzaji mzee aliniambia kwamba vimeuzwa mahali pale tangu yeye hajazaliwa. Nikasimama na kitita mkononi. Ndipo nilipojiuliza, kwa mara ya kwanza, wanawake wa kwaya walikunywa munkoyo wa mizizi ipi Jumapili ile, ikiwa ile ya Lukafu nilikwisha kuiharibu yote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ilunga, ambaye sasa nywele zake ni nyeupe na sauti yake ni ile ile. Nikaweka kitita mbele yake, nikamdai maelezo, kwa ukali wangu wote.

Hakujisumbua hata kukitazama. "Ulikuwa unataka kwenda," alisema. "Na mu lori hamukukuwa kiti."

Mimi hufundisha watu adabu ya kupokea wageni, na ninaamini kila neno ninalofundisha. Lakini nilisimama pale nikiwaza ni mara ngapi nimemfutia mtu kiti, nikadhani nimemaliza wajibu wangu.

"Sasa unangoya nini?" aliuliza Mama Ilunga. "Vikombe viko michafu kule nyuma."

Nikavua viatu vyangu vya sokoni, nikaenda kuosha vikombe.