Nimelipata, Namba Ziko Sawa

Wiki chache baada ya kumzika kaka yangu, simu yake ililia mfukoni mwangu.

"Nimelipata. Namba ziko sawa kabisa. Asante, Fundi Friji."

Nilikaa chini palepale dukani, mkasi mkononi, mteja ananishangaa na kitambaa chake nusu kimekatwa.

Jamani, nilitaka kupiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja.

Ngoja niwaeleze.

Kaka alikuwa fundi wa mafriji, ila ulevi wake ulikuwa mchezo mmoja wa kwenye simu. Unaficha kopo mahali, unaweka namba za ramani mtandaoni, wenzako wanakwenda kulitafuta. Anayelipata anasaini karatasi iliyomo ndani, analirudisha, kisha anaandika kwenye ukurasa wa kopo hilo.

Na wana ustaarabu wao. Ukikuta namba zimekosea, unaandika zilizo sahihi, ili anayekuja nyuma yako asihangaike.

Kaka ndiye aliyewapa kazi hiyo. Simu yake ilikuwa kuukuu, haijui hata iko wapi duniani. Kila kopo lake, watu wanamsema: "Fundi Friji, umetutupa mtaroni tena! Namba sahihi hizi hapa." Yeye anasoma huku anashika mbavu.

Kopo la mwisho alilificha kwa ajili yangu.

Mama alipofariki alituachia jozi moja ya hereni. Moja ilikaa kwangu, nyingine kwa kaka. Nilipochumbiwa akaniambia, "Yangu nimeitia kwenye kopo. Ukitaka kuvaa zote siku ya harusi, inuka ukatafute. Umezidi uvivu."

"Kaka, si unipe tu?"

"Thubutu!"

Muda si mrefu akaanguka kazini. Hospitali tulimfikisha maiti.

Wachezaji wenzake walishakwenda kulitafuta, mmoja baada ya mwingine wakaandika "sikulipata". Nikakata tamaa. Ndiyo maana ule ujumbe ulinikalisha chini. Aliyeuandika anajiita Konokono.

Namba zilinipeleka kwenye bustani ndogo kando ya barabara. Benchi moja, miti michache. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta wa ghala bovu.

Kila nikifunga duka, niko pale. Nimepekua chini ya benchi, nimeingiza mkono kwenye mabomba machafu, nimefukua mashina kwa kijiko cha nyumbani. Namba ziko sawa, si kasema? Basi sikutoka pale hata hatua.

Fundi viatu anayekaa pembeni ya bustani akanionea huruma. "Binti, umepoteza nini?"

Sheria ya mchezo ni kwamba asiyecheza haambiwi.

"Ufunguo, baba."

Maskini ya Mungu, aliacha kiatu cha watu akapiga magoti kunisaidia kutafuta ufunguo.

Nikamwandikia Konokono. Kimya. Nikambembeleza, namwambia harusi inakaribia. Kimya.

Nikasema huyu kaiba hereni ya mama yangu. Nikammwagia hadharani, palepale ukurasani: mwizi mkubwa, huna haya, unamwibia hata maiti!

Hapo akajibu. "Kesho nitakuja kwenye benchi."

Akaja msichana mwembamba, macho yamemvimba. Nilikuwa nimejiandaa kumchana mpaka ajute. Akaniwahi.

"Wifi, nisamehe."

Wifi?

"Mimi na kaka yako tulikuwa pamoja. Alisema harusi yako ikipita ndiyo atanileta nyumbani." Akajifuta pua. "Msibani nilikuwepo. Nilikaa nyuma na majirani, nikaosha vyombo."

 Lakini nilikuwa nimefuata hereni.

"Kopo liko wapi?"

"Sijui. Sijawahi kuliona."

"Si uliandika umelipata!"

"Watu walizidi kuandika hawalioni. Wasimamizi wakaweka onyo, mwenye kopo ajibu, la sivyo wanaufunga ukurasa. Angejibu nani, wifi? Maneno yake yako pale, utani wake uko pale. Mtu mmoja akisema amelipata, wanauacha."

"Na namba? Kwa nini ukasema ziko sawa?"

"Nilitaka waniamini."

"Namba za kaka hazijawahi kuwa sawa hata siku moja!" Nilipiga kelele wapita njia wakasimama. "Wewe ulimjua! Simu yake uliijua!"

Fundi viatu akainua kichwa. "Kaka gani, mwenye kopo? Yule wa mafriji, mwenye begi la spana?"

"Ndiye, baba."

"Huyo alipita hapa na kopo. Nilimwona analichomeka kwenye tundu la ukuta ule pale." Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kisha mkono ukashuka taratibu. "Binti, si ungeniambia ni kopo? Mimi nahangaika na ufunguo!"

Ukuta haukuwepo tena.

Wiki moja kabla ya siku ile tingatinga lilibomoa ghala, malori yakazoa kifusi. Na nilikuwepo! Nilikuwa kwenye benchi hili hili, nimeziba pua kwa vumbi, nawatazama wanavyopakia.

Nililia bila aibu. Konokono akataka kunishika, nikamsukuma. Halafu nikamwona amesimama peke yake, na nikakumbuka kwamba msiba mzima hakuna aliyemuuliza wewe ni nani.

"Pole, wifi," nikamwambia. Akaniangukia begani.

Tulivuka barabara pamoja. Nikasimama pale ukuta ulipokuwa, nikachukua namba, nikaziandika ukurasani: "Kopo lilikuwa hapa. Halipo tena. Mtu asihangaike." Yeye akafuta ujumbe wake. Kesho yake wasimamizi wakaufunga ukurasa.

Harusi nimefunga. Masikio yangu yalikuwa matupu, na wifi yangu alikaa mbele, safu ya ndugu.

Nyie mnaocheza mchezo huu, na hata msioucheza, naomba mnisikie. Ukilipata, toa namba sahihi. Usipolipata, sema hukulipata, hata kama kusema kunakuuma. Wifi alidanganya kwa mapenzi, najua, na nimemsamehe. Lakini mimi sikuhitaji ukurasa ubaki. Nilihitaji mtu mmoja tu aniambie namba zimekosea, wakati ukuta bado umesimama.