Kitambaa cha Televisheni

Juzi, katika duka moja la Likoni, nilimkuta mzee na mkewe wakinunua televisheni yao ya kwanza. Mzee alikuwa ameikumbatia ile kubwa kuliko zote, hataki kuiachia. Mkewe akatoa mkobani kitambaa cheupe cha kufuma, akakitandaza juu yake. Hakikufika hata nusu.

“Ramadhani nzima nakifuma,” akasema polepole. “Nilipima kwa shubiri televisheni ya jirani.”

Mzee akakitazama, akaunyoosha upindo kwa kidole. Kisha akamwambia mwenye duka, “Nipe hiyo ndogo. Hii kubwa yaniumiza macho, wallahi.”

Mungu atamsamehe kiapo kile. Mimi nilirudi kwangu nikaitazama televisheni yangu kubwa. Juu yake pana vumbi tu.